Sifa ya Mmoja, Jasho la Maelfu

Siku ya mwisho ya mwaka 2025 Bi. Fabiola Gianotti, mwanamke wa Kitaliani, aliacha usukani wa CERN, shirika kubwa la Ulaya la utafiti wa chembe ndogo mno za maumbile, ambalo makao yake yako karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Alikuwa ameushika kwa miaka 10, yaani mihula miwili mizima. Tangu shirika hilo lianzishwe mwaka 1954 hapakuwa na mwanamke aliyepata kuliongoza kabla yake, wala hapakuwa na mkurugenzi mkuu aliyepewa muhula wa pili ulio kamili. Kesho yake, tarehe 1 Januari 2026, Bwana Mark Thomson wa Uingereza akaingia mahali pake.

Habari kama hii aghalabu hupita huku kwetu pwani bila ya kujadiliwa barazani. Tutazungumza habari za mpira, bei ya samaki na siasa za kaunti, lakini habari ya bibi aliyewaongoza maelfu ya wataalamu kwenye mtambo uliofukiwa chini ya ardhi yaonekana kuwa ni ya watu wa mbali. Mimi siafiki. Naona katika kazi ya bibi huyu mna maswali mawili yanayotugusa sisi kama yanavyowagusa wao. La kwanza, kazi ikifanywa na watu 3,000, ni nani astahiliye kusifiwa? La pili, sifa hiyo akipewa mwanamke mmoja, yawafaa nini wasichana wengine, pamoja na hawa wetu?

BINTI WA PIANO

Bi. Gianotti alizaliwa Roma mwaka 1960, akakulia Milan. Baba yake alikuwa mtaalamu wa miamba na ardhi, na mama yake alikuwa mtu wa fasihi na muziki. Shule aliyosoma ilikuwa ya mtindo wa kale, yenye kusisitiza lugha za zamani, falsafa na sanaa kuliko hesabu. Juu ya hayo akasomea piano katika chuo cha muziki cha Milan. Mtu yeyote angemtazama wakati huo angesema kwamba binti huyu atakuwa mwalimu wa fasihi au mpiga piano.

Lakini mwenyewe amepata kueleza kwamba maswali makubwa ya falsafa ndiyo yaliyomsukuma kwenye fizikia, kwa kuwa aliona fizikia yaweza kujibu baadhi yake kwa vipimo. Tena amesema kwamba kusoma habari za maisha ya Marie Curie kulimvuta sana. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili la Marie Curie, maana nitalihitaji mbele.

Alipata udaktari wa elimu katika Chuo Kikuu cha Milan mwaka 1989. Kazi yake ya awali ilikuwa katika jaribio la CERN liitwalo UA2. Jaribio hilo ni moja katika yale mawili ambayo mwaka 1983 yalizigundua chembe za W na Z, chembe zilizokuwa zimeaguliwa kwa hesabu za wanazuoni watatu, mmoja wao akiwa ni Abdus Salam wa Pakistan, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979. Mwaka 1994 Bi. Gianotti akaajiriwa na CERN kuwa mtafiti. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa ni kuunda na kujaribu vipimio vya nishati ya chembe kwa ajili ya mtambo mpya ulioitwa ATLAS. Hiyo si kazi ya kutia jina gazetini. Ni kazi ya nyaya, baridi kali na hesabu zisizokwisha.

Mwezi wa Machi 2009 akawa kiongozi wa ATLAS kwa kura za wenzake. ATLAS ilikuwa na wanafizikia kama 3,000 kutoka nchi 38. Mtambo wenyewe una urefu wa mita 46, kimo cha mita 25 na uzito wa tani 7,000, nao umekaa katika pango lililochimbwa kiasi cha mita 100 chini ya ardhi. Umejengwa kwenye njia ya mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe, ujulikanao kwa herufi za LHC, ambao ni duara la kilomita 27. Mtambo huo ulikuwa umewashwa tarehe 10 Septemba 2008, na siku 9 baadaye ukaharibika vibaya. Kwa hiyo Bi. Gianotti alikabidhiwa unahodha hali jahazi limepandishwa pwani likitiwa kalafati. Ulipofika Novemba 2009 ndipo lilipoteremka tena majini.

CHEMBE YENYEWE

Ni chembe gani hiyo iliyotafutwa kwa gharama zote hizo? Nitajaribu kueleza kwa lugha ya kwetu. Mwaka 1964 wanazuoni kadhaa, miongoni mwao Peter Higgs wa Uingereza na François Englert na Robert Brout wa Ubelgiji, walitoa rai kwamba ulimwengu wote umejaa kitu kisichoonekana ambacho ndicho kinachozipa chembe za asili uzito wake.

Mfano wake ni tope la mikokoni maji yakupwapo. Ndege mwepesi hupita juu yake bila ya kuzama. Mtu huzama hata vifundo. Punda mwenye mzigo huzama hata magoti, na kila hatua huwa kazi. Tope ni lile lile, ila kila mmoja hushikwa kwa kadiri yake. Ndivyo chembe nazo zilivyo. Chembe ya mwanga haishikwi kabisa, nayo haina uzito. Nyingine hushikwa kidogo, na nyingine hushikwa sana zikawa nzito. Mfano ni mfano tu, haufiki mwisho, lakini unatosha kuonyesha njia. Sasa ikiwa tope lipo kweli, basi likipigwa kwa nguvu ya kutosha litaruka tone. Hilo tone ndilo chembe ya Higgs, na kulipata ilikuwa ndiyo dalili ya kuwa tope lenyewe lipo.

Hapa sina budi kusema neno juu ya jina. Magazeti mengi ya Ulaya na Marekani yaliita chembe hiyo "chembe ya Mungu", na watu wengine huku kwetu wakachukia, wakadhani kwamba mabingwa hao wanadai wamemfikia Muumba kwa mitambo. La hasha. Jina hilo lilitoka katika anwani ya kitabu cha mwaka 1993 cha Leon Lederman, mwanafizikia wa Marekani, na magazeti yakalipenda kwa kuwa linauza. Higgs mwenyewe hakulipenda, na wanafizikia kwa kawaida hulikwepa. Ugomvi wa jina usitufanye tukaacha kuujua mwana.

MASHAHIDI WAWILI

Nionavyo mimi, mahali ambapo Bi. Gianotti aliistahiki sifa yake si pale alipotangaza, bali ni pale alipojizuia kutangaza.

Watu wa pwani wajua vyema mambo ya mwandamo wa mwezi. Mtu mmoja husema ameuona, watu wakataka kushangilia, lakini wenye busara huuliza: Nani mwingine ameuona? Ameuona wapi, saa ngapi, na wingu lilikuwaje? CERN nao walijiwekea utaratibu ulio karibu na huo. Ile LHC iliwekewa mitambo miwili mikubwa ya kuitafuta chembe, ATLAS upande mmoja wa duara na CMS upande wa pili. Timu hizi mbili ziliundwa mbali mbali, kwa ufundi mbali mbali, na hazikuonyeshana matokeo yake kabla ya wakati. Kila mmoja awe shahidi kwa macho yake mwenyewe.

Tarehe 13 Desemba 2011 Bi. Gianotti na Guido Tonelli wa CMS walisimama mbele ya wenzao na kuonyesha dalili. Mashahidi wote wawili walikuwa wameona kitu, tena karibu mahali pamoja. Ulimwengu ulikuwa ukingoja neno moja tu. Wao wakasema bado. Dalili hazijatosha, na huenda ni bahati ya hesabu tu.

Ili kuipima thamani ya neno "bado", tutazame lililotokea miezi mitatu tu kabla ya hapo. Mwezi wa Septemba 2011 timu nyingine, iliyoitwa OPERA, ilieleza katika ukumbi huo huo wa CERN kwamba chembe za nyutrino zilizotumwa kutoka Geneva hadi Gran Sasso nchini Italia, safari ya kilomita 730, zilionekana kufika mapema kuliko mwanga. Kwa haki yao, waliomba wenzao waikague kazi hiyo. Lakini habari ilikwisha kuzunguka dunia nzima kwamba Einstein amepinduliwa. Mwaka 2012 ikagunduliwa kwamba waya mmoja wa kupitishia ishara haukukazwa sawasawa. Viongozi wawili wa jaribio hilo wakajiuzulu. Mwezi ulikuwa umetangazwa kabla ya kuandama.

Bi. Gianotti na wenzake wakangoja miezi 7. Mgongano mmoja tu katika kiasi cha bilioni moja ndio utoao chembe ya Higgs, nayo huvunjika papo hapo, isibakie ila alama za vipande vyake. Kwa hiyo waliendelea kukusanya na kuhesabu mpaka uwezekano wa kuwa wamedanganywa na bahati ukawa mdogo kuliko moja katika milioni tatu. Hicho ndicho kipimo wanafizikia wanachokitaka kabla ya kulitamka neno "tumegundua".

Tarehe 4 Julai 2012 kukawa na mkutano wa CERN ambao watu walikesha nje wakipanga foleni ili wapate viti. Joe Incandela alisema kwa niaba ya CMS, kisha Bi. Gianotti kwa niaba ya ATLAS. Mashahidi wawili wakasema jambo moja: ipo chembe mpya, yenye uzito wa mara 130 na ushei kushinda protoni. Higgs, ambaye umri wake ulikuwa miaka 83, alikuwamo ukumbini, na watu wakamwona akifuta machozi. Alikuwa amengoja kwa miaka 48.

Na walimwengu walizungumza nini kesho yake? Walizungumza chembe, ni kweli. Lakini wengi pia walishughulika kumcheka Bi. Gianotti kwa sababu ya mtindo wa herufi alizoandikia maelezo yake, mtindo uitwao Comic Sans, ambao wengine huuona ni wa kitoto. Mtu aleta habari iliyongojwa nusu karne, naye aulizwa kwa nini mwandiko wake uko hivi! Sisemi kwamba mwanamume hangechekwa. Nasema tu kwamba umaarufu una tabia ya kuacha nazi ikashika kifuu, na anayevuma lazima awe na kifua cha kulistahimili hilo. Yeye alistahimili.

SIFA ILIVYOGAWANYWA

Sasa nirudie swali la kwanza, la nani astahiliye.

Baada ya siku ile sifa zilimwagika. Gazeti la Time la Marekani lilimtaja Bi. Gianotti miongoni mwa waliofuatia katika uchaguzi wake wa Mtu wa Mwaka 2012. Mwisho wa mwaka huo huo ikatolewa zawadi maalumu ya dola milioni 3 kwa viongozi 7 wa kazi ile, naye akiwa ni mwanamke pekee kati yao. Mwaka 2013 Tuzo ya Nobel ikaenda kwa Higgs na Englert, walioagua. Waliogundua hawakupewa hata mmoja wao. Kanuni ya Nobel katika fizikia hairuhusu kugawanya tuzo kwa zaidi ya watu watatu, nao walikuwa maelfu. Ungewachagua vipi watatu?

Iko karatasi moja ya elimu ambayo mimi huifikiria kila nisikiapo mtu akisema kwamba "fulani amegundua". Ilichapishwa Mei 2015 na timu za ATLAS na CMS kwa pamoja, kueleza uzito wa chembe ya Higgs. Karatasi hiyo ilikuwa na kurasa 33. Kurasa 9 tu ndizo zilizokuwa na maelezo. Kurasa 24 zilizosalia zilikuwa ni majina ya waandishi na vyuo vyao. Waandishi walikuwa 5,154, nao wamepangwa kwa taratibu ya alfabeti, mkubwa na mdogo bega kwa bega.

Mwezi wa Aprili 2025 likatokea jambo lililonifurahisha. Zawadi nyingine ya dola milioni 3 ilitolewa kwa ugunduzi uliofanywa katika LHC, na safari hii haikupewa watu 7. Ilipewa watu 13,508, yaani timu nne zote za mtambo ule, na fedha zikaelekezwa kwenye mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wa udaktari. Kutoka watu 7 hadi watu 13,508 katika miaka isiyozidi 13! Hapo walimwengu walikuwa wamekiri lile ambalo mvuvi yeyote wa jarife angewaambia bure: wavu wavutwa na wengi, na nahodha hana samaki wake peke yake.

Je, tuseme basi kwamba sifa ya Bi. Gianotti ni ya bure, kwamba ameivaa kanzu ya wenziwe? Sioni hivyo. Katika kazi ya wengi yuko anayepaswa kusimama mbele ya watu na kusema "tumeona", na akiwa amekosea, fedheha ya kwanza ni yake. Yaliyowapata wale wa OPERA yatuonyesha hivyo. Sifa ya kiongozi ni kama amana. Haikuwa mali yake, lakini kuibeba bila ya kuivunja ni kazi, na katika wengi wanaokabidhiwa amana si wote huifikisha.

USUKANI WA MIAKA KUMI

Baraza la CERN lilimteua kuwa mkurugenzi mkuu mwezi wa Novemba 2014, akaanza kazi Januari 2016. Alipoingia shirika lilikuwa na nchi wanachama 21. Alipotoka zilikuwa 25. Romania, Serbia, Estonia na Slovenia ziliingia katika wakati wake. India ikawa mwanachama mshirika mwaka 2017, ikizifuata Uturuki na Pakistan zilizopata daraja hiyo mwaka 2015. Mwaka 2023 kilifunguliwa kituo kikubwa cha kuelimisha raia na watoto wa shule, kilichochorwa na Renzo Piano.

Lakini bahari haikuwa shwari. Baada ya vita vya Ukraine, nchi wanachama ziliamua kuukatisha ushirikiano na Urusi, na uamuzi huo ukatimizwa tarehe 30 Novemba 2024. Shirika lililoundwa ili wanazuoni wa nchi zilizopigana wakae meza moja likajikuta likifunga mlango. Wapo waliosema ni haki na wapo waliosikitika. Mimi nasema kwamba jambo hilo linatufundisha kuwa elimu haielei juu ya siasa, hata katika nyumba iliyojengwa ili ielee.

Vile vile ameacha deni la hoja. CERN inataka kuchimba duara jipya la kiasi cha kilomita 91, ambalo gharama yake yakadiriwa kuwa faranga za Uswisi bilioni 15 hivi. Uchunguzi wa kuwezekana kwake ulitolewa mwezi wa Machi 2025. Ujerumani, mchangiaji mkubwa kuliko wote, ilikwisha kueleza wasiwasi wake juu ya gharama mwaka 2024. Bi. Gianotti aliupigania mradi huo kwa bidii. Kama utajengwa au hautajengwa, hilo laamuliwa na wengine baada yake, na huenda ndilo litakalopima uongozi wake kuliko hata ile siku ya 2012.

Na liko tukio moja la aibu ambalo halifai kufichwa. Mwezi wa Septemba 2018, hali CERN inaongozwa na mwanamke, mtaalamu mmoja kutoka chuo kikuu cha Italia alisimama katika semina iliyofanywa CERN kuhusu wanawake katika fizikia, akadai kwamba fizikia imejengwa na wanaume na kwamba wanawake wanapendelewa. CERN ikamsimamisha, na mwaka 2019 ikamaliza uhusiano wake naye. Hapa ndipo palipo jibu kwa wale wanaodhani kwamba mwanamke mmoja akiketi kileleni basi mambo yamekwisha. Hadi tuzo za mwaka 2025, katika watu zaidi ya 220 waliopata Nobel ya fizikia tangu 1901, wanawake ni 5 tu: Marie Curie mwaka 1903, Maria Goeppert Mayer 1963, Donna Strickland 2018, Andrea Ghez 2020 na Anne L'Huillier 2023. Chien-Shiung Wu, mwanamke wa Kichina aliyehamia Marekani, ndiye aliyeongoza jaribio lililothibitisha rai ya Lee na Yang. Wao wakapewa Nobel mwaka 1957, yeye hakupewa.

NA HAWA WETU?

Nije sasa kwenye swali la pili. Nilisema Marie Curie tutamhitaji. Binti wa Milan alisoma maisha ya mwanamke aliyekuwa amekufa zamani, naye akajiona ndani yake. Orodha ya watu 13,508 ni ya haki, lakini msichana hawezi kuibandika ukutani. Msichana ataka uso. Kwa hivyo haki yataka orodha, na matumaini yataka picha, na vyote viwili vyahitajika.

Lakini picha ya Bi. Gianotti kwa binti wa Lamu, Kisauni au Msambweni yaweza kuwa mbali mno. Naye aweza kusema: Huyo ni Mzungu, baba yake msomi, mama yake mpenda muziki, mimi na yeye wapi na wapi? Basi nimwonyeshe uso wa karibu zaidi.

Bi. Rajaa Cherkaoui El Moursli alizaliwa mwaka 1954 katika mji wa Salé, Morocco. Alipotaka kwenda Grenoble, Ufaransa, kusoma fizikia, imeelezwa kwamba ilimbidi kwanza amshawishi baba yake, mtu aliyeshika sana mila, amruhusu kusafiri. Baba akakubali. Binti akasoma, akapata udaktari, na badala ya kubakia Ulaya akarudi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Mohammed V mjini Rabat. Morocco ilijiunga na ATLAS mwaka 1996, naye akashiriki katika kazi ya kipimio cha nishati, upande ule ule wa kazi aliokuwa akiushughulikia Bi. Gianotti. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya L'Oréal na UNESCO ya wanawake katika sayansi, kwa Afrika na nchi za Kiarabu, kwa mchango wake katika kuithibitisha chembe ya Higgs. Tena akasaidia kuanzisha katika nchi yake mafunzo ya shahada ya fizikia ya hospitali, yaani elimu ya kutumia miale kwa kuwatibu wagonjwa.

Mwanamke Mwislamu wa Afrika, aliyeomba ruhusa ya baba yake, amo katika ile orodha. Magazeti makubwa hayakumvumisha kama mwenzake, lakini chembe ile ile imepita mikononi mwake pia. Wala si jambo la ajabu kwa nchi ambayo mapokezi yake yasimulia kwamba Fatima al-Fihri ndiye aliyeasisi msikiti na chuo cha Qarawiyyin mjini Fez mwaka 859. Kwetu pia, Mwana Kupona wa Pate alikuwa bingwa wa kalamu katika karne ya 19. Mwanamke na elimu si wageni katika mwambao huu.

Hata anga yenyewe ya pwani yetu imo katika hadithi hii. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliani la San Marco, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa hasa kwa kutafuta nyota zitoazo miale ya eksirei, na ugunduzi wake ulichangia Riccardo Giacconi kupata Nobel mwaka 2002. Aliyeusimamia mradi huo kwa upande wa Marekani alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend, naye ndiye aliyeipa jina la Uhuru kwa heshima ya nchi hii. Neno la Kiswahili limeandikwa katika vitabu vya falaki vya dunia nzima, na lilipaa kutoka maji ya Malindi. Ni wangapi katika watoto wetu wameambiwa?

SWALI LA MZEE

Nilipokuwa nikiyasimulia haya barazani, mzee mmoja aliniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo chembe yenu yaleta unga?"

Swali la haki kabisa, nami sikumcheka. Nilimwambia, "Mzee wangu, chembe yenyewe bado haijaleta unga, na huenda isilete siku zote za uhai wetu. Lakini waliokuwa wakiitafuta ndio waliotuletea mengine." Ule mtandao wa dunia ambao vijana wanautazama kwenye simu zao ulibuniwa CERN na Tim Berners-Lee mwaka 1989, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikautoa bure kwa watu wote. Ufundi wa kuongoza chembe ndio unaotumika leo katika hospitali zinazotibu saratani kwa miale. Mzee alinyamaza kidogo, akasema, "Basi na wasome." Kisha akaongeza, "Lakini asome na Mwanaisha, si Ali peke yake." Mwanaisha na Ali ni wajukuu zake.

Naona mzee alifika mahali ambapo wengine tunapazunguka. Mwezi wa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wa Kenya waliingia Gredi ya 10, na kila mmoja akawa amechagua njia: sayansi na ufundi, au elimu ya jamii, au sanaa na michezo. Chaguo hilo hufanywa na mtoto wa miaka kama 15, na mara nyingi mkono unaoandika ni wake lakini sauti ni ya nyumbani. Nyumba ikisema kwamba fizikia ni ya wavulana, msichana ataandika hivyo. Shule ikiwa haina maabara, wala mwalimu wa somo hilo, hata nyumba ikisema vingine haitafaa kitu.

Sisemi kila binti awe mwanafizikia. Bi. Gianotti mwenyewe angeweza kuwa mpiga piano, na hapangekuwa na hasara. Nasema tu kwamba mlango usifungwe kabla hajaugusa. Sifa ya bibi yule ni yake na wenziwe maelfu, nasi hatuna fungu ndani yake. Fungu letu ni lile la baba wa Salé, aliyeombwa ruhusa na binti yake, akafikiri, akakubali.